Je, Wajua? Televisheni Zinazopita Juu ya Migomba ya Ibighi

Katika kata ya Ibighi, wilayani Rungwe, fundi yeyote atakuonyesha dishi lipi linatazama Azam na lipi linatazama DStv. Lakini juu ya paa hizohizo kuna televisheni nyingine isiyo na malipo ya mwezi wala tangazo la sabuni. Inarushwa na watu binafsi, kwa vifaa vyao, kwa kupenda tu. Wenyewe huitwa wanaredio wa ridhaa, na mambo yao yanashangaza kuliko tamthilia.

Kuna setilaiti ambamo mtu binafsi anaweza kuwa na kituo chake cha TV

Tarehe 15 Novemba 2018, roketi ya Falcon 9 iliondoka Kituo cha Anga cha Kennedy, Florida, ikiwa na setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2. Kazi yake kubwa ni matangazo ya biashara, ila ndani yake wanaredio wa ridhaa wa dunia nzima wametengewa nafasi mbili: moja ya sauti na Morse, nyingine ya televisheni. Wao huiita QO-100. Ni mtambo wa kwanza wa ridhaa kukaa kwenye mzunguko ule wa kilomita kama 36,000 kutoka ardhini, ambako setilaiti huzunguka sambamba na dunia na kuonekana imesimama palepale. Anayeiona ni yeyote aliye kati ya Brazil na Thailand, na Afrika iko katikati kabisa.

Nafasi ya televisheni ina upana wa megahezi 8, sawa na chaneli moja tu ya ving'amuzi vya antena. Humo wanaredio kadhaa hugawana. Wengine huibana video yao mpaka ienee kwenye nusu megahezi, na sura ya mtu bado inaonekana vizuri, hadi fremu ya miwani yake. Hata pasipokuwa na mtu hewani, kuna bikoni inayorusha video usiku na mchana kwenye megahezi 10,491.5, ili mwenye dishi ajue kama amelenga sawasawa.

Mlima Rungwe hauzuii picha, mgomba wa jirani unazuia

Ukiwa Ibighi, QO-100 iko upande wa kaskazini-magharibi, nyuzi kama 76 kutoka upeo wa macho. Hiyo ni karibu utosini. Mlima Rungwe una takriban mita 2,960, lakini ukiutazama kutoka mji wa Tukuyu, wilayani humohumo, kilele chake hakizidi nyuzi saba. Kwa hiyo mlima huohuo unaokinga mawimbi ya minara iliyo upande wa pili hauna la kufanya hapa. Wenzetu wa London wanaitafuta setilaiti hii kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo ghorofa la jirani linatosha kuwanyima raha.

Adui wa Rungwe ni jani la mgomba. Jani bichi limejaa maji, na maji hunywa mawimbi ya masafa haya. Mgomba uliopandwa mita mbili kutoka kwenye dishi huwa hauna madhara mwezi wa kwanza, kisha unakua, unatandaza majani, na siku moja picha inakatika bila mtu kugusa kitu.

Jambo jingine la kufurahisha: madishi ya siku hizi, yale yenye mkono wa LNB (kichwa cha kunasia mawimbi) upande wa chini, huwa yanatazama juu kuliko yanavyoonekana. Likilengwa nyuzi 76, uso wake utaonekana umeinuka nyuzi hamsini na kidogo. Mpita njia ataapa kwamba fundi amekosea.

Ukungu wa Tukuyu haufichi setilaiti

Asubuhi nyingine ukungu hushuka mpaka huoni nyumba ya pili, na picha inabaki vilevile. Wimbi la QO-100 lina urefu wa karibu sentimita 3, na vitone vya ukungu ni vidogo mno kulisumbua. Mvua ni habari nyingine. Matone yake ni makubwa, na Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Mvua kubwa ikianza, picha hugandaganda, kisha hukatika. Ndiyo maana, ingawa dishi la sentimita 60 linatosha mahali pakavu, huku Rungwe mtu mwenye busara ataongeza ukubwa.

Mara mbili kwa mwaka jua huiba picha, na saa yake inajulikana

Mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti. Kwa mtu wa Ibighi hilo hutokea kati ya saa saba na robo na saa saba na nusu mchana, siku chache mfululizo, dakika chache kila siku. Jua lenyewe ni kituo kikubwa cha redio kisichozimwa, na kelele zake huifunika bikoni.

Ajabu ni kwamba wizi huu una faida. Kwenye lile dishi kubwa la mviringo lenye LNB katikati, wakati huohuo kivuli cha LNB huangukia katikati ya dishi. Kama kivuli kimeangukia pembeni, dishi halijalenga. Kipimo hicho hakina gharama, hakihitaji betri, na kilikuwepo kabla ya fundi yeyote kuzaliwa.

King'amuzi cha dukani hakioni kinachoonwa na kijiti cha USB

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo twende polepole. LNB ya kawaida haipitishi masafa ya setilaiti jinsi yalivyo; kebo ingeyameza yote kabla hayajafika sebuleni. Inayashusha kwanza kwa kuyatoa megahezi 9,750. Chukua 10,491.5 za bikoni, toa 9,750, unabaki na 741.5. Ving'amuzi vingi vya setilaiti huanza kusikiliza kwenye 950. Bikoni imefika mpaka nyuma ya king'amuzi, kwenye waya wenyewe, lakini mlango haupo.

Mlango uko kwenye kijiti cha USB. Vijiti hivi viliuzwa ili mtu aangalie TV ya antena kwenye kompyuta, na ndani vina chipu ya Realtek iitwayo RTL2832U. Kufikia mwaka 2012 wadadisi walikuwa wamegundua kwamba ukikipa kijiti programu tofauti, kinakuwa redio ya kila kitu: aina iliyoenea zaidi husikia kuanzia megahezi 24 hadi 1,766. Ndege, meli, vituo vya FM, na ile 741.5 yetu. Video ya bikoni huenea chini ya megahezi 2, na kijiti kina uwezo wa kuibeba yote kwa mkupuo. Programu ya bure kama SDRangel huifungua, na picha inatokea kwenye skrini ya kompyuta.

Tahadhari moja ambayo mafundi wa Tukuyu hawahitaji kuambiwa, ila wengine tunaihitaji. LNB hula umeme kupitia kebo hiyohiyo: volti 13 au 18. Volti 18 huifanya ipokee mawimbi ya mlalo, na televisheni ya QO-100 iko huko. Umeme huo ukikifikia kijiti, kijiti kimekwenda. Wajanja hutumia king'amuzi cha zamani kulisha LNB, halafu huweka kigawanyaji cha kebo chenye tundu moja tu linalopitisha umeme. King'amuzi kinakaa kwenye tundu hilo, kijiti kwenye tundu lisilo na umeme.

Kuna chombo cha anga kinachopita karibu na Ibighi kuliko ilivyo Dar es Salaam

Kituo cha Anga cha Kimataifa huruka kilomita kama 400 juu. Kutoka Tukuyu hadi Dodoma, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 400 na kidogo; hadi Dar ni zaidi ya 650. Kikipita utosini, basi, wanaanga wako karibu nawe kuliko abiria anayeshuka kwenye basi pale stendi ya Magufuli, Dar. Kinakwenda kilomita zaidi ya 27,000 kwa saa, kinaizunguka dunia kwa takriban dakika 92, na hakikai juu ya upeo wako zaidi ya dakika kumi hivi.

Mara chache kwa mwaka kituo hicho hurusha picha kwenye megahezi 145.8, masafa ambayo hata redio za mkononi za VHF husikia. Huhitaji dishi. Vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja karibu nusu mita, ukivipanua kwa umbo la V iliyolala, ni antena ya kutosha. Picha moja huchukua sekunde 126, kisha mtambo hupumzika, kisha huja nyingine. Katika mpito mmoja ukipata mbili kamili, wewe ni hodari.

Picha inaweza kuimbwa

Picha hizo za kituo cha anga hufika kama sauti. Weusi ni mlio wa mitetemo 1,500 kwa sekunde, weupe ni 2,300, na kijivu ni kila kilicho katikati. Kila jozi ya mistari hutanguliwa na mlio mzito wa 1,200 unaosema: mistari mipya hii hapa. Masikioni ni filimbi iliyopata kigugumizi.

Kwa kuwa ni sauti, huhitaji waya wowote kati ya redio na kifaa cha kuisoma. Unawasha programu ya simu iitwayo Robot36, unaishika simu sentimita chache kutoka kwenye spika ya redio, na picha inajichora mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Maikrofoni haichagui. Jogoo akiwika katikati ya picha, kuwika kwake kunaingia humo kama mchirizi unaokatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nadhani ndiyo njia pekee ambayo jogoo wa Rungwe anaweza kuiwekea saini picha iliyotoka angani.

Aliyeibuni mbinu hiyo alikuwa mwanafunzi, na skrini yake ilitoka kwenye rada

Copthorne Macdonald alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, alipojiuliza kama picha ingeweza kupita kwenye njia nyembamba ya sauti ya kawaida ya redio. Televisheni ya wakati huo ilitaka njia pana mara elfu na zaidi. Jibu lake lilikuwa subira: picha ya mistari 120, sekunde kadhaa kila moja. Kompyuta ya kuhifadhi picha hakuwa nayo, kwa hiyo alitumia kioo cha rada, ambacho dawa yake ya kung'aa hubaki ikiwaka kwa sekunde kadhaa baada ya miale kupita. Mstari wa mwisho ulipochorwa, wa kwanza ulikuwa bado haujafifia kabisa. Mtazamaji alikaa gizani ili aone.

Mwanaanga alirusha picha za ridhaa mwaka 1985

Katika safari ya chombo cha Challenger iliyoanza Julai 1985, Tony England, ambaye jina lake la hewani ni W0ORE, alituma picha hizo za polepole kwa wanaredio waliokuwa ardhini. Miaka 31 baadaye mambo yalikuwa yamechangamka: tarehe 11 Februari 2016, wanafunzi wa shule moja ya Rickmansworth, Uingereza, walizungumza na Tim Peake aliyekuwa kwenye Kituo cha Anga huku wakimwona kwa video hai ya redio ya ridhaa. Yeye aliwasikia tu. Video ilishuka, haikupanda.

Televisheni ilipovuka Atlantiki mara ya kwanza, ilipokelewa kwa mwanaredio wa ridhaa

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 1928, John Logie Baird alituma sura za watu kutoka Uingereza kwenda Marekani. Kituo kilichorusha kilikuwa cha ridhaa, G2KZ, na kilichopokea kilikuwa cha ridhaa pia, huko Hartsdale, karibu na New York. Picha yenyewe ilikuwa na mistari 30. Simu ya bei nafuu inayouzwa Tukuyu leo ina zaidi ya mistari 1,000, na bado mwenye nayo analalamika.

Kwa hiyo anayesema televisheni ya ridhaa ni mchezo wa pembeni, mwambie ilikuwepo mlangoni siku ya kwanza. Klabu ya televisheni ya ridhaa ya Uingereza imekuwepo tangu mwaka 1949, na Tanzania Bara ilipata kituo cha TV mwaka 1994. Fanya hesabu mwenyewe.

Rekodi ya BBC ilitengenezwa na watu ambao hawakupaswa kuiona

Mnamo Novemba 1938, mafundi wa kampuni ya RCA huko Riverhead, Long Island, waliona matangazo ya televisheni ya BBC yaliyorushwa kutoka Alexandra Palace, London. Kituo hicho kilikusudiwa kwa London na viunga vyake. Kilionekana umbali wa karibu kilomita 5,500, ambao ni karibu sawa na kutoka Tukuyu hadi Istanbul. Jua lilikuwa limechafuka wakati ule, na tabaka la juu la anga lilikuwa linayarudisha ardhini mawimbi ambayo kwa kawaida hupenya na kwenda zake. Wamarekani wakaelekeza kamera ya filamu kwenye skrini. Ndani ya filamu hiyo anaonekana mtangazaji Jasmine Bligh, amefifia, anatoweka, anarudi. London haikuwa ikirekodi matangazo yake hai, na kipande hicho cha Long Island ndicho kinachojulikana kusalia cha televisheni hai ya BBC ya kabla ya vita.

Kuna barabara ya mawimbi inayovuka ikweta jioni

Mwaka 1947 wanaredio wa ridhaa wa Mexico City na Argentina walisikilizana kwenye megahezi 50, jambo ambalo vitabu vya wakati ule havikulikubali. Njia hiyo huvuka ikweta ya sumaku ya dunia, na hufunguka zaidi kuanzia machweo hadi saa nne usiku hivi, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Kwa upande wetu wa Afrika, ikweta hiyo ya sumaku haipiti Kenya; imepanda hadi Ethiopia.

Televisheni nayo ilipita humo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mawimbi ya kituo cha TV cha Gwelo, Rhodesia, ambayo leo ni Gweru, Zimbabwe, yalinaswa Ulaya. Yaliruka juu ya Kongo bila kumwambia mtu. Picha zilifika zimepakaa, sura moja ikiwa na vivuli vyake vitatu vinne, na walioziona walifurahi kuliko anayetazama fainali kwenye skrini mpya.

Zanzibar ilikuwa na TV ya rangi miaka ishirini kabla ya Bara kuwa na TV yoyote

Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na inatajwa kuwa ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Kenya ilikuwa na TV tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini za rangi nyeusi na nyeupe. Kutoka Unguja hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 70 za bahari tupu, na bahari haina mlima. Mwenye antena ndefu upande wa pili hakuwa na sababu ya kungoja 1994. Hewa ya joto ikitanda juu ya maji yaliyopoa, mawimbi hunaswa kati yake na kufika mbali kuliko yalivyopangiwa. Mtu wa Tukuyu, kilomita zaidi ya 600 kutoka pwani na milima katikati, hakuwa na bahati hiyo.

Chenga zina alama za mtihani

Wanaredio wa ridhaa hupimiana picha kwa kipimo cha P0 hadi P5. P5 ni picha safi kabisa. P1 ni ile ambayo unaona kitu kipo lakini huwezi kuapa kama ni mtu au kabati. P0 ni chenga tupu. Kipimo hiki kilitungwa kwa picha za analojia, ambazo huchakaa taratibu. Za kidijitali hazina huruma hiyo: mawimbi yakishuka kidogo chini ya kiwango, picha iliyokuwa safi inatoweka yote.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianza na Dar es Salaam, mbele ya majirani zake wote. Zile TV za chogo zilizobaki stoo bado zina kazi. Zilizotengenezwa kupokea chaneli za kebo hufika kwenye megahezi 430 hadi 440, eneo la wanaredio wa ridhaa, na huonyesha picha ya analojia bila kuongezewa kitu.

Mtambo wa droni ni kituo cha TV

Droni za mashindano, zile ambazo rubani huvaa miwani yenye skrini, nyingi hurusha video ya analojia kwenye gigahezi 5.8. Masafa hayo yanaingia kwenye eneo la ridhaa, kwa hiyo wanaredio hununua mtambo huohuo wa ukubwa wa kidole gumba, huufunga kwenye antena kubwa, na wanaonana kutoka kilima hadi kilima.

Sultani wa Oman alikuwa na namba ya hewani

Sultan Qaboos bin Said, aliyefariki Januari 2020, alikuwa mwanaredio wa ridhaa mwenye jina la A41AA. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa JY1, alama tatu tu, na aliyemsikia hewani hakuhitaji kupitia kwa katibu. Tarehe 3 Desemba 2018 Jordan ilirusha setilaiti ndogo iliyopewa jina lake, JY1SAT, iliyobeba picha za mambo ya kale ya nchi hiyo na kuzituma kwa yeyote mwenye antena. Mwaka huohuo, tarehe 11 Mei, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilitolewa kwenye Kituo cha Anga kupitia chumba cha Wajapani. Ilikuwa boksi la sentimita 10 kila upande, yenye kamera, na sauti yake ilisikika kwenye megahezi 437.3, katika masafa ya ridhaa, hivyo wasikilizaji wa mabara mengine waliijua kabla ya Wakenya wengi.

Jina la mwanaredio hutaja nchi yake

Mtanzania akipata leseni, jina lake la hewani huanza na 5H. Mkenya ni 5Z, Mganda 5X, Mrwanda 9X, Mrundi 9U, Mkongo 9Q. Kabla ya uhuru baadhi yetu tulikuwa familia moja ya VQ: Zanzibar VQ1, Tanganyika VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5. Kadi ya zamani ya kuthibitisha mawasiliano yenye VQ1 ni lulu kwa wakusanyaji. Anayetaka kurusha leo huanzia Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na asiye na leseni aishie kutazama, kwa sababu Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 haina utani na vituo bubu.

Kwenye QO-100 unaweza kujipungia mkono na kujijibu

Anayerusha video yake kwenda QO-100 huiona mwenyewe ikirudi, maana kila kinachopanda hushuka kwa wote, naye akiwemo. Kwenda na kurudi ni kilomita 72,000, ambazo wimbi huzimaliza kwa robo ya sekunde. Kompyuta za kubana na kufungua picha ndizo wazembe wa safari: huongeza sekunde moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mtu hukaa mbele ya kamera, hupunga, hushusha mkono, na ndipo yule wa kwenye skrini huanza kupunga. Wote waliofika hatua hiyo nimewaona wakifanya jambo moja: wanapunga tena, wakiwahi, wakijaribu kumshika.